Ulimbo wa fenesi haufungi ncha ya jiwe kwenye mshale

Wakuu, salaam aleikum.

Hili halina chumvi. Kidole gumba changu ni shahidi.

Mimi ni fundi pangaboi, nakaa Amani, huku visiwani. Nimejifunza mwenyewe kutengeneza mishale ya kale: fito za mpera, manyoya ya kuku, ncha za jiwe. Jiwe letu la matumbawe linamomonyoka, kwa hiyo nachonga jiwe jeusi mfano wa kioo, nimeletewa kutoka bara.

Ukumbi ukajaa mawe. Mke wangu akachoka.

Kaka yake, shemeji Haji, akaweka dau. Nipige mgomba ulioshazaa, kisha yeye auchomoe mshale. Ukitoka na ncha yake, mawe yanabaki na Haji anafukia kwa mchanga shimo lililo mlangoni petu. Ncha ikibaki ndani, mawe yangu ndiyo yatakayolifukia.

Nikatumia ulimbo wa fenesi. Si tumekua tukinasia ndege? Nikapasua kichwa cha ufito, nikachomeka ncha, nikapaka, nikazungusha uzi.

Siku yenyewe jua kali. Hata upinde sijauvuta, ncha ikateleza, ikaganda kwenye gumba. Nakung'uta, haitoki!

"Shemeji umejitega mwenyewe!" Haji akapiga kelele. "Tukuchinje au tukufuge?"

Mke wangu machozi ya kicheko yanamtoka. "Mpe nafasi moja tu. Akishindwa, mawe nabeba mwenyewe."

Nikakaa kufikiri. Ulimbo unanasa ndege kwa sababu haukauki. Sifa yake ndiyo ilikuwa balaa yangu.

Nikanunua sandarusi, ule utomvu wa mti uliokauka ukawa mgumu, sokoni Darajani, nikaiyeyusha taratibu pamoja na nta ya nyuki na unga wa makaa. (Fanyeni nje, inashika moto upesi.) Uzi nikauacha, nikafunga kwa kano za ng'ombe zilizolowekwa. Zikikauka, zinajibana zenyewe.

Nikapiga. Mshale ukazama.

Haji akaegemeza mguu kwenye mgomba, akavuta kwa nguvu zake zote. Ukachomoka na ncha yake, naye akakaa topeni kwa kishindo.

Mke wangu akamletea beleshi. "Kaka, shimo lile pale."

Nililojifunza: kitu kuwa hodari wa kazi moja si dhamana ya kazi nyingine. Uliza kwanza kinafanyaje.

Sasa nauliza, wakuu: utomvu wa mbibo, yaani mkorosho, nao ukikauka unashika, au unapasuka? Aliyewahi kuujaribu aseme. Gumba langu limeshapumzika vya kutosha.