Waliaga kwa Mandazi

Ijumaa moja haijanitoka akilini hadi leo, mwanangu. Nimekaa kwenye basi la chuo nje ya kiwanja cha Abu Hamour, sinia la mandazi mapajani, nimenuna mpaka mdomo unauma. Kocha wetu, Mwalimu Nekesa, alikuwa ametuleta kuiaga ligi ambayo tulikuwa tumeshaihama!

Wewe unaniona mama mzima, lakini enzi hizo nilikuwa nahodha wa voliboli wa chuo kidogo hapa Doha, kidogo hata madereva wa teksi hawakukijua. Tulianza kwa kucheza ligi ya wanawake wa kazi: wapishi, yaya, wasafishaji wa hoteli, kila Ijumaa, siku yao ya mapumziko. Walitufunga mpaka tukajua kucheza. Ndipo ligi ya vilabu ikatuita, na ukumbi wenye kiyoyozi. Mimi nikaona khalas, yamekwisha, tumetoka juani, ya nini kurudi kupeana mikono?

"Rehema, shuka," Mwalimu akaniambia. "Tulipoingia tulibisha hodi. Sasa tunatokaje kimya kimya?"

Mwenyekiti wa ligi alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyesimamia dobi hotelini. Nikamwamkia shikamoo, nikabwata, "Asanteni kwa yote," huku natazama basi. Mwalimu akanifinya. "Sema tena, na mara hii umtazame." Nikamtazama, nikasema tena, na nakwambia machozi yalinilenga, maana ni yeye aliyenifundisha kupokea mpira. Akanishika mkono. "Nendeni salama, wanangu. Huku mnakujua." Mandazi yakaliwa, tukaondoka.

Usinicheke kwa yaliyofuata. Ligi ya vilabu ilibadilisha sheria, ikasema vyuo havitakiwi tena. Tukajiunga na ligi ya vyuo vya nchi jirani, safari zikatushinda. Kila tulipotoka, Mwalimu alitupeleka kuaga, na sinia lake. Wapinzani wakatubandika jina, "timu ya kwaheri". Mwisho tukabaki hatuna ligi hata moja, na mkuu wa chuo akasema timu isiyo na ligi ataifuta kabla muhula haujaisha. Mimi nilisomeshwa kwa huo mpira, mwanangu. Timu ikifutwa, narudi nyumbani bila shahada, na mama yangu alikuwa ameshautangazia mtaa mzima!

Mwalimu akasema neno moja tu: "Yalla." Tukapanda basi, tukarudi Abu Hamour.

Kiwanjani, hata hatujasalimia, mchezaji mmoja wa hoteli akapaza sauti: "Hawa si ndio waliotukimbia?" Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Bi Zuhura akainuka kitini, mikono kiunoni.

"Hawakukimbia. Waliaga. Tena hapa hapa, na wewe ulikula mandazi ukafungasha na mengine!"

Watu wakaangua kicheko, na aliyeuliza akacheka kuliko wote. Ratiba ikapanguliwa siku hiyo hiyo ili tuingizwe. Timu ikapona, na mimi nikapona nayo.

Ee bwana, msimu ule! Wanawake wale hawakutuonea huruma hata kidogo. Walitutwanga mpaka tukaiva. Kwa hiyo vyuo vya Doha vilipoanzisha ligi yao na kutualika, hatukuwa wale wa zamani. Fainali tukakutana na chuo kikubwa, wachezaji wao wa akiba tu walikuwa wengi kuliko timu yetu nzima. Kumbe Bi Zuhura amelijaza jukwaa watu wake, wengine bado na sare za kazi, wanapiga sufuria. Seti ya mwisho, pointi ya mwisho, mpira ukanijia kwa kasi. Nikaupokea vile vile alivyonifundisha, mwenzangu akaupandisha, nikaruka, nikaupiga. Chini! Kwa vigelegele vilivyolipuka, mlinzi wa getini alikuja mbio akidhani kuna ajali. Tumeshinda, mwanangu! Chuo kile kile kidogo!

Ijumaa iliyofuata tukaenda Abu Hamour na sinia letu, kuaga tena. Bi Zuhura akatuzuia getini.

"Leo hamuagi. Leo mmeleta kombe nyumbani."

Likakaa dobini kwake wiki nzima, kila mtu akapiga nalo picha.

Sasa nisikilize. Nimesikia umepata kazi hoteli nyingine, na unataka kuhama mtaa wa Najma bila hata kumwambia yule dada aliyekupa kitanda ulipotoka uwanja wa ndege. Hama, sikukatazi, mimi mwenyewe nimehama ligi mara nne. Lakini nenda ukamuage. Mtazame usoni, umtajie alichokufanyia, usiseme tu "asante kwa yote" kama mimi siku ile. Mandazi nitakupikia mimi, usiwe na wasiwasi. Mungu akufungulie milango huko uendako, na kila ulikotoka, jina lako likitajwa, watu waseme, "Huyo ni wetu."