Fungu la Saba

Bi Doreen Pelkey anajua jina la kila mbwa katika mji wetu. Kila Januari watu huja kwake kukata kibali cha mbwa, naye huandika jina, rangi na namba. Majina ya wenyewe wakati mwingine humtoka, ya mbwa kamwe. Ni karani wa mji kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na uchaguzi pia husimamia yeye. Ofisi yake na maktaba ninakofanya kazi zinatenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao, kwa hiyo ya Jumatano ile, siku moja baada ya uchaguzi, niliyasikia bila kutaka.

Huku Maine, Marekani, miji midogo bado huhesabu kura kwa mkono. Kura hufungwa hamsini hamsini, kila fungu na fomu yake ya safu mbili, na wahesabuji hukaa wawili wawili, mmoja wa kila chama, ili wachungane. Mji wetu ndio uliokuwa wa mwisho kutoa hesabu ya kiti cha wilaya katika bunge la jimbo. Bi Doreen alibandika karatasi mlangoni kama kawaida, na kwa hesabu hiyo Gail Stinchfield, mwalimu, akawa amempita Wade Ouellette, mwenye malori ya magogo, kwa kura thelathini na moja.

Asubuhi Curtis, msaidizi wake, aliingia na simu mkononi.

"Bi Doreen, umekuwa mtu mashuhuri! Kuna soko huku kwenye simu, watu wanabeti nani atachukua kiti chetu. Jana mchana Gail alikuwa senti thelathini na nane. Ulipobandika tu karatasi yako, karuka mpaka tisini na sita."

"Senti za nini tena?"

"Unamnunua Gail kwa senti tisini na sita. Akishinda, unalipwa dola nzima. Yaani wanaona kazi imekwisha."

"Kiti hiki cha kwetu? Nani huko anatujua?"

"Hakuna. Ndiyo maana wanabeti."

Wakacheka. Kisha nikasikia karatasi zikipekuliwa, zikirudiwa moja moja.

"Curtis. Hebu njoo utazame fungu la saba."

Fomu zilikuwa zimeisha jana yake, na wahesabuji wa fungu la saba walichora yao nyuma ya tangazo la chakula cha maharage cha kanisani. Fomu zote zilianza na Stinchfield. Yao ilianza na Ouellette: thelathini na nne kwa kumi na sita. Bi Doreen, kwa mazoea, alizisoma kwa sauti na kuziandika kinyume.

"Tofauti thelathini na sita," Curtis alisema polepole. "Basi Wade..."

"Wade kashinda kwa kura tano."

Alitoka akaibandua karatasi mlangoni. Hata hajakaa, Curtis akasema, "Gail kashuka. Sabini na moja."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu! Umetoa karatasi, Bi Doreen. Kuna mtu anautazama mlango."

Simu ya ofisi ikalia. Yeye huiweka kwenye spika kwa sababu ya sikio lake la kushoto. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, kama aliyejiziba mdomo kwa skafu.

"Mama, irudishe karatasi kama ilivyokuwa."

"Wewe nani?"

"Mtu mwenye pesa zake. Hesabu ya jana ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa na kosa."

"Basi liache lilale. Biskuti hajambo? Nimemwona barazani kwako. Maskini, kazeeka, hata kubweka habweki."

Biskuti ni mbwa wake. Ana miaka kumi na minne na haoni. Nikamsikia Bi Doreen akibonyeza kitufe cha kukata simu, mara mbili.

Curtis alimpigia sherifu. Gari lilikuwa limegonga kulungu barabara kuu, askari wake wangefika baada ya saa moja na nusu.

"Peleka jimboni hesabu ya jana," Curtis akamnong'oneza. "Wade akitaka, ataomba zihesabiwe upya. Acha aulize yeye."

"Sahihi ni yangu, Curtis."

"Na mbwa?"

"Kamlete. Ufunguo uko chini ya ndoo."

"Najua. Mji mzima unajua," Curtis alisema, kisha sauti ikamshuka, kama aliyejuta kusema.

Karatasi mpya aliiandika mara tatu; mbili za kwanza nilisikia akizichana. Ya tatu ikasomeka. Akagonga ukuta.

"Binti, njoo unishikie gundi."

Nje palikuwa na baridi kali. Uwanja ulikuwa mtupu, ila pikapu moja ya buluu iliyokuwa ikinguruma, vioo vimejaa mvuke.

"Usigeuke," aliniambia. Alikuwa akibandika pembe moja moja, taratibu, kana kwamba pembe ni nyingi. Nyuma yetu kioo kilishuka. Nikasikia simu ikipiga picha.

Aligeuka yeye. Dereva alikuwa amevuta kofia ya chungwa ya wawindaji hadi machoni. Bi Doreen hakumtazama. Alimtazama mbwa aliyekaa kando yake.

"Juni," aliita.

Mbwa akatoa kichwa dirishani, akatikisa mkia. Pikapu ikaondoka kwa kasi, kokoto zikaturukia miguuni.

"Kibali namba mia na kumi na nne," Bi Doreen alisema. "Mwenyewe alihesabu fungu la saba. Nilipokuwa nasoma kinyume jana, alikuwa ananisikiliza, akaniacha, akaenda kubeti."

Curtis alirudi amemkumbatia Biskuti katika blanketi, wakamlaza chini ya meza. Bi Doreen akakaa kuandika taarifa ya sherifu. Penye jina la mtu anayeshukiwa aliandika Juni, akalitazama, akalikata, akaandika jina la mwenye mbwa.

Kisha akaniuliza kama mlango wa maktaba una ufunguo. Sikujua. Hatukuwahi kuufunga.