Bunduki Waliyonipa Niilinde

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi sikusoma sana, nitasema tu vile ilivyokuwa.

Huko Louisville, Marekani, mtaa wa Iroquois, nilikuwa mtu wa nguvu. Nilikunja mashuka ya hoteli miaka minne, nikapikia wajukuu watano, na hakuna aliyetoka kwangu na shati chafu. Kisha goti langu likafanyiwa operesheni, nikabaki nyumbani. Wakubwa kazini, watoto shuleni, mimi na ukuta.

Ugonjwa ulianza tumboni. Chakula kikawa kama majani makavu. Mdomo mchungu, kichwa kizito, usingizi hakuna. Nikakonda mpaka kitenge kikanizunguka mara mbili. Pasta alisema niombe. Niliomba. Lakini ndani kulikuwa na neno moja tu: imetosha.

Bon, kwetu karatasi zote za familia zinakaa katika valizi, sanduku la safari, ya mzee wa nyumba, ndiye mimi, na hakuna mwingine anayeigusa. Wezi walipoingia kwa jirani, mwanangu Espoir alinunua bastola, akaitia humo, juu ya karatasi. Alisema watoto hawataifikia. Kweli, hawakuifikia. Niliyeifikia ni mimi.

Mchana mmoja nilifungua valizi kutafuta karatasi ya kliniki. Nikakaa na bastola magotini mpaka basi la shule likaleta wajukuu. Mdogo akaniambia kwa Kiingereza kwamba ana njaa. Nikairudisha, nikafunga, nikaenda kusonga ugali. Sikumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata, wanawake wa kampeni ya kuzuia vifo vya bunduki waliweka meza nje ya kanisa letu, wakigawa kufuli za bunduki bure. Mmoja, Mama Neema, mtu wa Uvira kule Kongo kama mimi, akauliza kama kwetu iko bunduki. Nikasema iko, ninailinda mimi.

"Na moyo wako uko aje, mama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. "Umechoka kuishi," nikasema.

Hakushtuka. Alituma mtu amwite Espoir. Akaja na suti yake ya kwaya, akasikia maneno ya kufuli, akacheka.

"Nimfiche bunduki mama yangu mzazi?"

"Ndiyo," nikasema. "Mimi."

Akakaa chini kwenye lami, na suti yake.

Siku hiyo hiyo bastola ilitoka chumbani kwangu, ikafungiwa katika sanduku la chuma. Kesho yake daktari akaniambia huu ni ugonjwa, una dawa, si dhambi wala pepo. Dawa ilinikausha mdomo, mikono ikatetemeka wiki mbili. Mwezi wa pili nikasikia njaa. Nilikula sahani mbili za sombe, yale majani ya muhogo, nikatapika moja, nikafurahi.

Namshukuru Mungu, na daktari, na yule mama aliyeuliza. Sasa wale wanawake wa kampeni wananichukua nishuhudie kwenye makanisa ya watu wetu, Columbus mpaka Buffalo. Ninawaambia: msiwafiche bunduki watoto peke yao. Yule mnayemwona ana akili kuliko wote, mwulizeni analala aje. Saa mbaya inapita kama homa, donc, basi, isikute bunduki karibu. Na wewe unayeumwa, sema. Mimi nilisema, sikufa kwa aibu.

Kule Buffalo mzee mmoja alisimama kunijaribu. "Koko, bibi yetu, na ufunguo wa sanduku lenu uko wapi?"

Nikamwambia sijui. Nimepona mwaka wa pili huu, na sijauliza.