Tulipokwenda Kuposa kwa Joka

Mchezo wenyewe ulitoka ndani ya robota la makoti ya mitumba. Rafiki yangu fundi cherehani, tuliyesoma naye shule ya jioni pale Gisenyi, alilifungua robota akitafuta makoti ya kupunguza mikono, akakuta boksi lililobonyea. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na dadu za ajabu, moja ina nyuso ishirini, kama jiwe lililochongwa na mtu asiyejua kuacha. Tulikuwa tumetoka tu kupata vyeti vyetu, na Kifaransa changu, bila kujisifu, kilikuwa kizuri kuliko cha Wafaransa wengi. Basi nikakisoma kitabu nikaelewa karibu nusu. Nusu nyingine niliitunga.

Kwa asiyeujua, mchezo ni huu. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: anawaambia mko msituni, mbele yenu kuna zimwi, mnafanya nini? Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, shujaa au mchawi au mwizi, na anasema mtu wake anafanya nini. Pakiwa na shaka kama atafaulu, dadu inatupwa: namba kubwa ni kufaulu, ndogo ni kuanguka. Kazi ya msimulizi ni kuwatengenezea vikwazo. Hiyo ndiyo kazi niliyojipa, na hiyo ndiyo nusura ninyang'anywe.

Tulicheza Jumapili mchana, baada ya misa, juu ya meza ya fundi ya kukatia vitambaa. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, barabara zimeanza kutulia, na watu wana kiu ya kukaa mahali wacheke upuuzi. Tulikuwa mimi, fundi, na mama mmoja wa vitenge aliyevuka kwenda Goma kila siku ya Mungu, sauti yake ikisikika pande zote mbili za mpaka bila kulipiwa ushuru. Wiki nzima mimi nilisimama kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako hotuba yangu yote ilikuwa "misumari hiyo imekwisha". Lakini Jumapili nilikalia kiti kirefu cha fundi, nikifungua mdomo watu wazima wananyamaza. Mawaziri wenyewe hawaijui raha ile.

Shida ilikuwa vikwazo vyangu. Nilijua aina moja tu: kupigana. Mlango ukifunguka, zimwi. Ukifunguka wa pili, zimwi nono zaidi. Joka langu la kwanza lilikuwa na kichwa Gisenyi, tumbo Nyundo, na mkia sokoni Mahoko ukiangusha vikapu vya viazi. Nilipomaliza kulieleza nilikuwa natetemeka mwenyewe.

"Mnafanya nini?" nikanguruma.

"Mi namusalimia," akasema mama.

"Mama, ni joka!"

"Na joka haina mama yake? Mwiriwe, joka! Umeamukaje? Batoto iko muzima?"

Kitabu kilisema msimulizi ndiye anayewajibia viumbe wote, basi nikajibu, kwa niaba ya joka, kwamba watoto ni wazima. Akauliza habari za mvua kule pangoni. Akauliza kama maharage yamekubali. Fundi alipochoka kusubiri akachomoa upanga, mama akamshika mkono wa kweli juu ya meza ya kweli.

"We! Utapiga mutu tumeshasalimiana naye? Ulilelewa wapi?"

Na kusema kweli, hata mimi nilikuwa sina tena moyo wa kupigana. Nikawapisha.

Jumapili iliyofuata nikaweka daraja, na juu yake jitu linalolinda, halipitishi mtu. Nilisahau naongea na nani. Mama huyu alikuwa akipita Petite Barrière, kile kizuizi cha mpakani, asubuhi na jioni tangu nikiwa navaa kaptula. Jitu aliliita shemeji. Akagundua kwamba mama zao walizaliwa kilima kimoja kule Cyanzarwe. Akalalamikia mgongo. Kabla sijajua, jitu langu la kutisha lilikuwa limembebea mzigo hadi ng'ambo na kumwombea safari njema. Nikajaribu mlango wa vitendawili. Fundi akautolea kila kitendawili majibu mengi, yote sahihi, mpaka mlango ukaaibika. Nilichobakiwa nacho ni mazimwi, na nikawarudishia mazimwi, kwa makundi, mazimwi yasiyo na masikio ili yasisalimiwe.

Ndipo mama akamleta Mwalimu. Huyu alikuwa amekulia Tanzania, akarudi nchini na Kiswahili kilichopigwa pasi. Alifundisha shule ya msingi, na hata akiomba chumvi ungedhani anafungua mkutano. Alicheza mara moja tu, akapigwa na mazimwi tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha fundi akakohoa.

"Chef, tunakupenda. Lakini mazimwi, bon, imetosha. Dimanche ijayo ukileta tena vita, kiti tunamupa Mwalimu."

"Ndugu yangu, usinielewe vibaya," akasema Mwalimu. "Mimi ni mgeni tu hapa." Lakini macho yake yalikuwa tayari yamekikalia kile kiti.

Wiki ile nilikonda mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili. Dukani nilimuuzia simenti mtu aliyeomba rangi, na aliporudi kulalamika nikamuuliza: bwana, kitu gani kinaweza kukushinda wewe? Akajibu, "Wewe hapa."

Jumamosi kulikuwa na harusi ya binamu yangu, na asubuhi yake ile shughuli ya kuposa, ambayo kwetu ni gusaba. Familia mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake. Upande wa bwana unaomba msichana. Upande wa msichana unajifanya haujui lolote: msichana yupi? Ameshaposwa. Amesafiri. Na nyinyi babu yenu si ndiye aliyetukanyagia mtama? Kila mtu anajua msichana atatolewa, mapambo yameshatundikwa, na bado wasemaji wanatoka jasho mpaka kola zinalegea. Nilikuwa na chupa ya fanta mdomoni. Nikasahau kumeza. Hapakuwa na upanga hata mmoja pale, na mjomba wangu, msemaji wa upande wetu, alikuwa anapigwa vibaya kabisa!

Jumapili nikaingia kwa fundi kama mtu aliyeiba benki.

"Leo," nikasema, "mwana wa mfalme anataka kuoa. Msichana amelelewa na joka. Mnakwenda kumposa. Na wewe Mwalimu, mimi siwezi kusimulia na kusema kwa wakati mmoja. Wewe ni msemaji wa familia ya joka."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Familia yetu," akasema taratibu, "haipokei wageni wasiojulikana." Nikajua nimeanza vizuri.

Sikuwapeleka moja kwa moja kwenye maneno. Nilikuwa nimefikiria kila mtu na mkono wake. Kwanza nikatangaza kwamba baba wa msichana hawezi kuonekana mbele ya wakwe bila koti, na koti hana. Fundi akaruka na futi yake ya kupimia.

"Mikono iko ngapi?"

"Miwili, na mabawa."

"Mabawa! Donc mugongoni naacha matundu." Akatupa dadu, akapata kumi na saba, na tangu siku ile sijaona mtu akijivunia hivyo nguo isiyokuwepo. Alitaka hata kuchagua vifungo.

Kisha mama akaswaga ng'ombe wa mahari juu ya mawe makali ya volkeno, akiwabembeleza mmoja mmoja kwa majina ya sifa, ya kwake mwenyewe. Kisha wakakaa, wakaanza. Mwalimu alikana kwamba msichana yupo. Mama akauliza nani basi anachungulia pale dirishani. Mwalimu akasema ni mbuzi. Mama akasema mbuzi huyo amesuka vizuri. Fundi alicheka mpaka akajichoma na pini. Watu waliokuwa wakipita barabarani wakasimama mlangoni, kijiji kizima, mkoa mzima nadhani.

Hapo nikafanya kosa. Niliona mambo yanaenda laini mno, nikaogopa, na mtu akiogopa hurudia alichozoea.

"Ghafla," nikanguruma, "joka linammeza ng'ombe mmoja!"

Nilitegemea panga. Mama akasimama polepole.

"Amekula inkwano?"

"Ndiyo, mama. Mbele yenu."

"Yebaba we! Mwalimu! Ule ngombe ni mahari, ao ni chakula ya saa sita?"

Msomaji asiye wa kwetu aelewe: ng'ombe wa mahari haliwi akaisha. Anazaa, na siku moja familia ya msichana inawarudishia wanandoa ndama mmoja, ili watoto wao wanywe maziwa. Joka halikuwa limekula ng'ombe. Lilikuwa limekula maziwa ya wajukuu wake.

Mwalimu alikuwa amepauka. Angeweza kuniangalia mimi na kusema ni kosa la msimulizi. Hakuniangalia kabisa. Akainama mbele ya mama, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo wote wa majoka, akatupa dadu, akapata moja.

"Kwa bahati mbaya," nikasema, "katikati ya kuomba radhi, joka limecheua."

"Tunarudi kwetu!" akasema fundi. "Na koti namuvua joka!"

"Ngojeni, wakwe zangu! Ngojeni!" Mwalimu alikuwa ameshika mkono wa fundi kwa mikono miwili. "Ndama hatuna, ni kweli. Lakini mzee ana mabawa. Binti akiolewa, mzee atambeba mama yetu huyu kwenda Goma na kurudi siku yoyote atakayo. Anapita juu ya barrière. Hakuna foleni."

Mama aliyekuwa ameshafika mlangoni akageuka.

"Na mizigo?"

"Mizigo..." Mwalimu akasita. "Hilo sharti nimuulize kaka wa mzee."

Jua lilikuwa linashuka, na fundi, mtu wa ahadi, akakumbuka mashtaka yangu. Akapiga makofi. Alisema leo vita haikuwepo, ni kweli, lakini na ule ngombe chef alitaka kuileta, sasa tuamue: Mwalimu, unachukua kiti ao hapana?

Mimi nilikuwa nimekamata kiti chini kwa mikono yote miwili, kama abiria wa lori.

Mwalimu akamtazama kana kwamba amemwomba ahame dini. "Kiti? Nawezaje kukaa pale? Mimi ni upande wa msichana! Tumetishiwa kuvuliwa koti, tunadaiwa ndama, na kaka wa mzee hajajibu suala la mizigo. Nikiondoka, nani atawasemea?"

"Chef, baki pale pale," akasema mama, akirudi mezani. Alivuta kigoda, akakunja kitenge, akanikazia macho yale ambayo maofisa wa pande mbili walikuwa wakiyaogopa. "Tuambie. Ule joka anabeba robota ngapi?"

Nikamsogezea dadu.