Ng'ombe Chini ya Sifuri

Mwaka niliorudi nyumbani Bugarama kumalizia tasnifu yangu ya hisabati, kompyuta nusura initie wazimu. Nilikuwa na mlinganyo wa mifugo na malisho: ndama wa leo wanategemea majike waliopandwa miezi mingi nyuma, na nyasi za leo zinategemea jumla ya yote yaliyoliwa msimu mzima. Kwa kalamu nilikuwa nimethibitisha kwamba idadi ya ng'ombe ingepanda, ishuke kidogo, kisha itulie.

Kompyuta ikanipa ng'ombe hasi.

Kaka yangu, mfugaji, alichungulia mchoro. "Huu mstari unaozama ni nini?"

"Ng'ombe."

"Wameibwa?"

"Wamepungua mpaka chini ya sifuri."

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, akaenda zake machungani.

Nikampigia msimamizi wangu. "Shikamoo, mwalimu. Ng'ombe wangu wamekuwa hasi."

"Marahaba. Punguza hatua," alisema, yaani nikokotoe kwa vipindi vifupi zaidi vya muda.

Nikapunguza. Kompyuta ikawa inajikokota, maana kila hatua ilibidi ijumlishe upya historia yote ya nyasi, na umeme ukakatika kabla haijamaliza. Nilipoanza tena, ng'ombe hawakuzama, ila walipanda na kushuka bila kukoma.

"Punguza zaidi," alisema mwalimu nilipompigia tena. Nilitamani kuitupa simu kisimani.

Mama akaniita nikale. Nikasema bado.

"Ng'ombe wa kwenye mashine hawashibi wala hawana njaa," alisema. "Wewe una njaa. Njoo."

Nilikula nimenuna, nikilifinya tonge la ugali kana kwamba ndilo lililonikosea. Kwa nini lawama zote ziwe za hatua? Kanuni yangu ilitoa vifo kwenye hesabu ya ng'ombe kwa kuangalia idadi ya jana. Vifo vikizidi ng'ombe waliopo, lazima idadi izame. Je, vifo vikihesabiwa kwa idadi ya leo? Ukivihamishia upande wa pili wa mlinganyo, kutoa kunageuka kugawanya, na chanya kwa chanya haizai hasi.

Nikanawa haraka, nikaandika upya mstari ule mmoja. Ng'ombe walipanda, wakashuka kidogo, wakatulia palepale kalamu iliposema, tena kwa hatua ndefu za mwanzo. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Nikampigia msimamizi, nikamweleza yote.

"Si nilikwambia?" alisema kwa furaha. "Tatizo lilikuwa hatua."

Nikautazama mstari ule mmoja niliouandika upya. "Asante, mwalimu."