Mkono wa Mkamwana

Mama mkwe hakuupenda mkono wa mkamwana wake, lakini macho yake hayakubanduka hapo. Damu ya mbuzi ikiwa bado vuguvugu, mkono ule huzama bakulini, hukoroga polepole na kuchopoa nyuzinyuzi, damu isigande hata kidogo. Akikoroga mama mkwe mwenyewe, damu hugeuka maini. Kisha kitunguu, pilipili, mchuzi kulambwa kiganjani, na wimbo wa puani, utadhani jiko ni lake!

“Mama, hebu onja. Chumvi imekolea?”

Ilikolea mpaka mate yakamjaa. “Bado,” akasema. “Ongeza. Ongeza tena.”

Mkamwana akaongeza bila kubisha. Mezani, mwana akameza tonge la kwanza, akakimbilia maji, akamtazama mama yake kwa huruma.

“Mama, leo umepika wewe?”