Nyumba Isiyo na Kichanja

Immakulata, fundi cherehani wa kijiji cha Titye, alikuwa na mdomo wa kazi. Kwenye midahalo kikundi chao kilimweka msemaji wa kwanza siku zote, maana akisimama watu huacha kutafuna karanga. Jambo moja tu hakulitaja popote: mama yake, Uwimana, alikuja akiwa mtoto kutoka Burundi, akalelewa kambini, na hadi leo hana karatasi yoyote.

Mwaka ule wa 2013 askari walikuwa wakipita vijijini kuwatafuta watu wa namna hiyo. Ndipo ikaja fainali ya midahalo pale Kasulu mjini, Titye dhidi ya kijiji cha Kagerankanda. Mwenyekiti akasoma mada: wageni wasio na vibali warudishwe kwao. Sarafu ikarushwa. Titye wakaangukia kuitetea mada.

"Tuombe tubadilishiwe upande," Immakulata alimnong'oneza Khatibu, msemaji wa pili.

"Weee! Sarafu ikishaanguka imeanguka. Ukikataa upande tunatolewa. Kwani wewe mada inakuuma nini?"

Akainuka, akaenda mbele.

Kila msemaji ana dakika saba. Ya kwanza na ya mwisho hakuna kumkatiza. Katikati mpinzani anaweza kusimama, mkono juu, akaomba taarifa, na msemaji lazima apokee angalau moja. Immakulata alianza kwa woga, lakini makofi yalipokuja ulimi ukapata mteremko.

Venanti wa Kagerankanda akasimama. "Taarifa! Dada, sisi Waha na hao Warundi tunafanana mpaka usemi. Huyo mgeni utamjuaje? Utamnusa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kikamchoma.

"Kaa chini, kaka, nikufundishe. Mtu wa kambini hajengi kichanja cha kuanikia vyombo. Sufuria akishaziosha anazirudisha guniani, na gunia linakaa mlangoni, ili akifukuzwa abebe aondoke. Hata akae miaka ishirini, haachi. Wewe pita barabarani, tazama nyua tu."

Watu wakasimama kwa makofi. Khatibu akarukaruka kama mwendawazimu. Mstari wa mbele, mtendaji wa kata yao hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayezipita nyumba za Titye moja moja akilini.

Titye wakashinda. Majaji walisema lile jibu la taarifa ndilo lililowabeba. Immakulata akamtafuta mtendaji kwa macho. Kiti kilikuwa kitupu.

Hakungoja soda. Alifika nyumbani kwa bodaboda, akakata vijiti vya mkaratusi, akaanza kuchimba mashimo ya kichanja uani kwa panga.

"Mwana wanje, mwanangu, unafanya nini na nguo za fainali?" mama akauliza kutoka mlangoni.

"Toa vyombo, mama. Vyote. Tuvianike nje."

"Vya nini? Si vimo guniani kama siku zote?"

"Mama, toa!"

Uwimana akamtazama mwanawe, akatazama vile vijiti. Kisha badala ya kulifungua gunia, akalivuta karibu na miguu yake. Barabarani pikipiki ilikuwa inakuja taratibu, ikisimama kwenye ua, ikiondoka, ikisimama kwenye ua mwingine.